Boksi la Pili

Nyumbani wanajua: ukisikia mtu yuko Marekani, anabeba boksi. Mimi nayabeba ya kweli, kwenye ghala moja kusini mwa Los Angeles, kuanzia saa kumi jioni mpaka saa sita usiku. Boksi hilo nililitarajia tangu nikiwa kwenye foleni ya viza. La pili ndilo sikuliwaza: kale kamraba kwenye fomu ya hospitali, unakotia tiki kusema wewe ni mtu wa rangi gani.

Nimezaliwa Ngamiani, Tanga, mama Mdigo, baba Msambaa wa Lushoto. Fomu haina Mdigo wala Msambaa. Mara ya kwanza nilikaa na kalamu mkononi mpaka dada wa mapokezi akachoka kunisubiri, akaniangalia juu hadi chini, akanitilia tiki mwenyewe: Mweusi. Haya, nikasema, uso hauongopi.

Nilidhani ni hesabu za serikali tu, kumbe kile kisanduku kinakufuata mpaka ndani ya figo. Mwaka 2019 nilipimwa damu, karatasi ya majibu ikaja na mistari miwili ya kazi ya figo: namba moja ya watu wote, nyingine ya juu zaidi "ikiwa mgonjwa ni mweusi". Hakuna aliyenieleza. Baadaye ndiyo nikajua kwamba kanuni iliyotumika miaka ile ilikuwa inazidisha majibu ya mtu mweusi kwa karibu asilimia 16, kwa dhana kwamba miili yetu ina misuli mingi. Mimi nilikuwa na kilo 58, misuli yenyewe ya kuazima! Lakini si la kucheka. Figo zikionekana nzima kuliko zilivyo, mtu anachelewa kuingia kwenye orodha ya kusubiri kupandikizwa, na huko kila mwezi una uzito. Mwaka 2021 jopo la taasisi mbili za figo za Marekani, National Kidney Foundation na American Society of Nephrology, likapendekeza kanuni isiyotazama rangi. Na tangu Januari 2023 hospitali za upandikizaji zikatakiwa kupitia majina ya wagonjwa weusi walio kwenye orodha na kuwarudishia muda waliopotezewa na ile hesabu ya zamani.

Figo zangu zilikuwa salama. Tatizo lilikuwa presha: 158 kwa 96. Daktari alinipa dakika chache na dawa za presha, amlodipine. Nilifika nyumbani nikazitia kwenye droo.

Nitasema ukweli, kwa sababu najua siko peke yangu. Moyoni niliamini presha ni ugonjwa wa Wamarekani weusi, wao na kuku wao wa kukaanga, si wetu tuliokulia kisamvu na dagaa. Huyo ni mimi, ambaye baba yangu alianguka na kiharusi akitoka msikitini.

Aliyenitoa ujinga ni kinyozi wangu. Saluni yake unakwenda kunyoa nusu saa, unatoka baada ya saa tatu, mmebishana kuhusu Lakers, siasa na bei ya nyumba. Siku moja nikaropoka kwamba dawa sinywi. Alizima mashine, nusu kichwa kimenyolewa, akaanza kunisimulia utafiti uliofanyika kwenye saluni za hapahapa Los Angeles.

Aliyeuongoza ni Dokta Ronald Victor wa hospitali ya Cedars-Sinai. Walichukua saluni 52 za watu weusi na wanaume 319, wateja wa kudumu wenye presha ya juu. Katika baadhi ya saluni, kinyozi aliwahimiza wateja wapunguze chumvi na waende kwa daktari, basi. Katika nyingine, mfamasia alikuja mwenyewe saluni. Anakupima, anakuandikia dawa kwa makubaliano na madaktari, anakutoboa kidole apime damu, wewe umekaa palepale. Baada ya miezi sita, namba ya juu ya wale waliofuatwa na mfamasia ilikuwa imeshuka kwa wastani wa 27. Wale wengine, 9 tu. Karibu wawili kati ya kila watatu wa mfamasia walifika chini ya 130 kwa 80; upande wa pili hawakufika hata 12 katika kila 100. Majibu yalitangazwa Machi 2018, na mwaka huohuo Victor akafariki. Walipopima tena baada ya mwaka mzima, presha zilikuwa zimebaki chini.

Kilichonikaa kichwani ni dawa zenyewe. Kumbe ya kuanzia ilikuwa amlodipine pamoja na nyingine ya kawaida. Amlodipine ileile ya kwenye droo yangu, ileile anayomeza mama Tanga kila asubuhi baada ya chai. Kilichobadilika ni kiti ulichokalia unapoandikiwa.

Mzee mmoja aliyekuwa akisubiri zamu yake akadakia neno moja: Tuskegee. Saluni ikanyamaza. Kule Alabama, kuanzia 1932 hadi 1972, idara ya afya ya serikali iliwafuatilia wanaume weusi 399 wenye kaswende ione itawafanyaje, ikiwadanganya kwamba wanatibiwa "damu mbaya". Penisilini ilipopatikana, hawakupewa. Nilimwangalia yule mzee nikaona aibu. Tuko kisanduku kimoja, lakini yeye akikataa dawa anakataa na historia nyuma yake. Mimi nilikuwa na kiburi tu cha mtu aliyeshuka kwenye ndege juzi.

Kisanduku cha jirani nacho kina hadithi yake. Pale ghalani nafunga mizigo na dada mmoja wa Mexico, ana sukari. Wenye asili ya Amerika ya Kilatini wote fomu inawaita Walatino, mtu wa Peru na mtu wa Cuba mamoja. Kati ya 2008 na 2011 utafiti mkubwa uliandikisha Walatino zaidi ya 16,000 katika Bronx, Chicago, Miami na San Diego, ukawatenganisha kwa asili zao. Kisukari kwa wenye asili ya Amerika Kusini kilikuwa kama asilimia 10. Kwa wenye asili ya Mexico, zaidi ya 18. Neno moja lilikuwa limefunika tofauti yote hiyo. Huyu dada anatembelewa na *promotora*, mama wa mtaani kwao aliyefunzwa, anayekaa naye jikoni wakaongea Kihispania kuhusu *tortilla*, chapati zao, ngapi zinatosha. Aliponielezea nikacheka: huyo si mhudumu wa afya ya jamii, kama wale wanaopita nyumba kwa nyumba kwetu?

Lakini nisiwapake watu mafuta. Mfamasia analipwa, na fedha ya utafiti ina mwisho wake. Kwenye saluni yangu hayupo. Kuna mashine moja ya presha aliyoinunua kinyozi kwa pesa yake, iko kwenye rafu karibu na poda. Jumamosi iliyopita ilisoma 134 kwa 84. Kinyozi akaguna, akasema ndevu hagusi mpaka aone picha ya kidonge cha siku hiyo. Nilikuwa nayo kwenye simu, nikamwonyesha.

Jioni nikampigia mama nimpe habari njema kwamba presha inashuka. Akanyamaza kidogo. "Inashuka? Kwani weye siku zote hizo dawa ulikuwa hunywi?"

Nikamwambia mtandao unakatika.