Mia Nne Iko Wapi?

Kijana aliyeko kwetu kwa mafunzo ya vitendo aliniuliza juzi, "Kaka, samahani, hii 25 kwenye mstari huu wa programu imetoka wapi?", nami nikakumbuka kile chumba cha mikutano cha chama cha akiba na mikopo, pamoja na mkaguzi wa ndani, mama mtu mzima aliyependa kuhakiki kila kitu kwa kalamu yake mwenyewe.

Mwenzangu alikuwa ameandika upya, kwenye programu yetu, kanuni ya mwaka mrefu (wenye siku 366) tuliyoitumia kukokotoa riba ya kila siku. Kanuni iliyozoeleka husema kwamba mwaka ugawanyike kwa 4, lakini ukigawanyika kwa 100 ugawanyike pia kwa 400. Yeye alitumia 4, 25 na 16: mwaka ugawanyike kwa 4, lakini ukigawanyika kwa 25 ugawanyike pia kwa 16, kwa kuwa baki la 4 na la 16 husomwa moja kwa moja kwenye biti (zile 0 na 1) za mwisho za namba, na kichakataji hubakiwa na kazi ya kugawanya kwa 25 peke yake.

"Mia nne iko wapi, mwanangu?" mkaguzi aliuliza.

"Imo humo humo, mama. 16 mara 25 ni 400." Akaandika 1900 ubaoni: kwa 25 hakuna baki, kwa 16 inabaki 12, basi si mwaka mrefu. Mama akainuka, akaichukua kalamu na kuifanya 2100 mwenyewe, polepole, huku midomo ikimchezacheza, mpaka akapata baki la 4. Akatabasamu kama mtu aliyeonyeshwa kichochoro kipya mtaani kwake.

Tulipopima kasi ya programu, muda karibu wote uliishia kuisubiri hifadhidata. Nilimtaja Donald Knuth, mwanasayansi wa kompyuta, ambaye mwaka 1974 aliandika kwamba kuharakisha programu kabla ya wakati ni chanzo cha maovu yote. Mwenzangu akanikumbusha, kwa haki kabisa, kwamba Knuth huyo huyo alitenga asilimia 3 ya hali ambazo hazifai kupuuzwa. Nilitarajia mkaguzi aniunge mkono, lakini akasema mstari ule wa mwenzangu ubaki, mradi hesabu ya ubaoni iandikwe juu yake. Iliandikwa. Baadaye mstari ulinakiliwa kwenye mfumo mwingine, na maelezo yakaachwa nyuma.

Hata leo ningechagua kanuni iliyozoeleka, ila sina hakika kama ninawatetea wasomaji wajao au ninaona wivu kwamba hila ile haikunijia mimi.