Mkono juu ya mpira wa raki

Jana binti yangu alinishikia tochi ndani ya shimo la gereji, gari likiwa juu yetu. Akauliza, "Baba, mbona umefumba macho?" Nikamwambia nasikiliza kwa vidole. Hakuridhika, na jibu refu linaanzia kwa mjomba na ile vani nyeupe.

Vani ilikuwa inagonga. Kwenye mashimo, mwendo mdogo, tok-tok, na usukani unaitikia mkononi. Nilikuwa nimeshabadilisha tairodi endi zote mbili, vile viungo vya nje karibu na magurudumu, na kupanga magurudumu. Mlio ukabaki palepale. Nikaamua kununua raki nzima, ile fimbo yenye meno inayosukuma magurudumu kushoto na kulia ukizungusha usukani.

"Umeipima?" mjomba akauliza.

Nikasema nimepiga jeki, nikatikisa gurudumu kushoto na kulia, linacheza. Akasema gurudumu likicheza hivyo linakuambia kuna kitu kimelika, halikuambii ni kipi. Likicheza juu na chini, anza na beringi na boljointi, kile kiungo cha duara kinachobeba gurudumu, raki uiache kwanza.

Akaishusha vani magurudumu yakanyage chini, juu ya shimo. Gurudumu likining'inia halina ukinzani: linafuata usukani tu, na palipolika panajificha. Injini akaiwasha, kwa sababu pawa stelingi ikizimwa usukani hucheza kidogo kwenye vali yake hata raki ikiwa nzima, ukadhani umepata ubovu. Gia fri, breki ya mkono, vigingi mbele na nyuma ya magurudumu. Binamu yangu akakaa kwenye kiti. "Cheza nao upana wa vidole viwili tu, kushoto, kulia. Usizungushe."

Tulianzia juu. Kwenye jointi ya shafti ya usukani aliniwekea dole gumba likishika vipande vyote viwili, maana vikipishana hata kidogo ngozi inajua kabla ya jicho. Vilikwenda pamoja. Bushi za raki, mipira inayoishikilia kwenye gari: je, raki yote inasogea kando kwenye chesisi? Haikusogea. Tairodi endi zilikuwa mpya, tukazipita.

Halafu akanishika mkono, akauzungushia ule mpira wenye mikunjo, akanibonyeza vidole mpaka nikagusa kichwa cha raki endi kilicho ndani, kiungo kinachounganisha raki na tairodi endi. "Fumba macho."

Usukani ukaenda kushoto. Kimya. Ukarudi kulia, na ndani ya mpira kitu kikaruka kidogo sana, kama jino la mtoto lililoanza kulegea. Kushoto, kimya. Kulia, likaruka tena. Nje mpira ulikuwa mzima na mkavu. Ningeupita kwa tochi mara kumi. Upande wa pili nao nikaushika hivyo hivyo, hakuna kitu.

Alilegeza klipu, akauvuta mpira nyuma. Ingetoka oili, sili ya raki, yaani mpira unaozuia oili kuvuja, ingekuwa imekwisha na mjadala ungeishia hapo. Yalitoka maji yenye kutu. Klipu haikuwa imebana sawasawa, na maji yakaingia polepole. Akaipangusa fimbo ya raki, akapitisha ukucha juu yake kutafuta kutu iliyochimba, kwa sababu hiyo ndiyo hukata sili. Ilikuwa laini.

Tukabadilisha raki endi moja. Wakati wa kufungua tulihesabu mizunguko ya tairodi endi ili irudi pale pale, tukaweka klipu mpya, magurudumu yakapangwa upya. Mlio ukaisha.

Usukani ukabaki na mchezo mdogo ukienda moja kwa moja. Jioni moja, peke yangu, nikakaza nati ya kurekebisha raki robo ya mzunguko. Mchezo ukaisha. Asubuhi, kona ya kwanza, nikaachia usukani ukabaki umepinda. Meno ya raki hulika zaidi katikati, pale gari linapotumia muda mwingi; ukikaza hadi katikati pabane, pembeni ambako hapajalika panakamata. Nikairudisha. Mjomba alisema ningekaza nusu ya hapo, nizungushe usukani mwisho hadi mwisho, ikikwama popote nilegeze. Baadaye raki ile tuliitoa. Yeye alishikilia kwamba ilikuwa bado na maisha. Mimi ile kona sijaisahau.

Jana nilimweka binti yangu mkono juu ya mpira, mama yake akautikisa usukani.

"Nimesikia," akasema.

Mimi upande ule nilikuwa sijasikia kitu. Nikafumba macho, nikaanza upya.