Nilianza kiwandani, masta ikafuata

Nilipomaliza uhandisi wa kemikali pale Mlimani nilikuwa na barua ya ajira ya kiwanda cha sukari, na mwalimu wangu alikuwa tayari kunichukua kwenye mradi wake wa utafiti nisome masta moja kwa moja. Mama alitaka niajiriwe, maana mdogo wangu alikuwa anaingia chuo. Wenzangu wakanionya: ukishaonja mshahara, darasani hurudi.

Nikamwendea mwalimu kumwambia nachagua masta. Akauliza, "Unataka kutafiti nini?" Nikataja mradi wake. "Huo ni wangu. Wewe je?" Nikanyamaza. Wiki iliyofuata nikasaini mkataba wa kazi.

Kiwandani niliwekwa chini ya mzee aliyepika sukari tangu sijazaliwa. Alichota rojo kidogo, akalipaka kwenye kipande cha kioo, akakiinua kwenye taa. "Tazama, mwanangu. Chembe hizi kubwa ndizo zetu. Hizi changa zikizidi, sukari haitachujika." Somo la fuwele, yaani chembe kama hizo, nilikuwa nimelifaulu vizuri, lakini fuwele zenyewe ndiyo kwanza nazitazama.

Swali langu nililipata kwenye boila, mtambo wa kuchemshia maji yawe mvuke. Tulichoma makapi ya miwa, ambayo karibu nusu ya uzito wake ni maji. Mvua ikilinyeshea rundo, mvuke unapungua na kiwanda kizima kinayumba, huku moshi wenye joto kali ukitoka bure kwenye dohani. Kwingine joto hilo hutumika kukaushia makapi. Kwetu je, ingelipa? Nikaanza kuandika vipimo vya kila zamu niliyoingia.

Gharama ilikuwepo. Bodi ya Mikopo ilikata asilimia 15 ya mshahara, na hesabu zilianza kunitoka kichwani, hivyo kila Jumapili nilifungua madaftari ya mwaka wa tatu. Kila kiwanda kilipofungwa kwa masika nilimwandikia mwalimu nilichokiona. Naomba hili ulishike: mhadhiri unayemkumbuka siku ya kuomba barua tu hana cha kuandika juu yako. Tena nilidhani kazi ingenichelewesha, kumbe ufadhili kama Chevening wa Uingereza unadai uzoefu wa angalau miaka 2, na ile miaka 3 ya mafunzo ya vitendo ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi niliimaliza humo humo kazini.

Rafiki yangu mmoja aliunganisha masta bila kupumzika, na alifanya sawa kabisa. Yeye swali lake la maji ya visima alikuwa nalo tangu mwaka wa pili, na alitaka kufundisha.

Baada ya miaka 3 nilirudi kwa mwalimu na madaftari yangu. Aliyafungua taratibu, ukurasa kwa ukurasa, kisha akaweka kidole kwenye safu moja.

"Zamu za usiku mbona hazina vipimo vya unyevu?"

Nikavuta kiti.