Siku Zilizokuwa Marufuku Katika Kalenda ya Trinidad na Tobago

Kwa muda mrefu niliamini kwamba orodha ya sikukuu za taifa ni kazi ya makarani tu: serikali huitangaza, na wananchi hutazama ni ipi imeangukia Ijumaa au Jumatatu. Orodha ya Trinidad na Tobago ndiyo iliyonibadilisha mawazo. Taifa hilo la Karibea, lenye visiwa viwili vikuu karibu na pwani ya Venezuela na watu wapatao milioni 1.4, lina sikukuu 14 za kisheria kwa mwaka, na kadhaa kati yake zinaadhimisha mambo ambayo sheria ya hapo hapo iliwahi kuyaharamisha.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni tarehe 30 Machi, siku ya ukombozi wa Wabaptisti wa Kiroho, waumini wa dini ya Kikristo yenye mizizi ya Kiafrika ambao kwa kubezwa waliitwa Wapiga Kelele. Mwaka 1917 serikali ya kikoloni ya Uingereza ilipiga marufuku ibada zao, na ili askari wasikosee, sheria ikataja dalili za kuwatambua: kufunga kitambaa cheupe kichwani, kushika mshumaa uliowashwa au maua, kupiga kengele, kutikisa mwili. Ni vigumu kutocheka ukimfikiria askari aliyetumwa kukagua mishumaa, lakini kicheko hukatika ukikumbuka kwamba watu walikamatwa na kushtakiwa kwa sababu hiyo, na kwamba kwa zaidi ya miaka 30 waumini walilazimika kusali kwa kujificha. Sheria hiyo ilifutwa tarehe 30 Machi 1951, baada ya kampeni ndefu iliyoongozwa na Elton Griffith, na mwaka 1996 siku hiyo ikawa sikukuu chini ya serikali ya Basdeo Panday, waziri mkuu wa kwanza wa nchi hiyo mwenye asili ya Kihindi. Ili kuipatia nafasi, Siku ya Jamhuri ya tarehe 24 Septemba iliondolewa kwa muda, kisha ikarejeshwa.

Siku ya Wafanyakazi nayo haiangukii tarehe 1 Mei kama ilivyo katika nchi nyingi, bali tarehe 19 Juni. Siku hiyo mwaka 1937, katika mji wa Fyzabad kwenye eneo la visima vya mafuta, polisi walijaribu kumkamata Tubal Uriah Butler, kiongozi wa wafanyakazi, alipokuwa akiwahutubia wafanyakazi. Umati ukamzuia asichukuliwe, askari mmoja akauawa, na migomo ikaenea kisiwani. Butler alifungwa baadaye. Leo vyama vya wafanyakazi huandamana Fyzabad kila mwaka kumkumbuka, na mfungwa wa jana ndiye mwenye sikukuu.

Tarehe 1 Agosti ina kisa chake pia. Hapo zamani nchi ilikuwa ikiadhimisha "kuvumbuliwa" kwake na Columbus, aliyefika Trinidad mwaka 1498 na kukuta watu wamekwisha kuwapo. Mwaka 1985 sikukuu hiyo iliondolewa, na mahali pake pakawekwa Siku ya Kukomeshwa kwa Utumwa. Mimi sijui mabadilishano mengine ya kalenda yaliyo ya haki zaidi ya hayo.

Tarehe 30 Mei hukumbusha kuwasili kwa meli ya Fatel Razack mwaka 1845, iliyotoka Calcutta ikiwa na Wahindi zaidi ya 200 waliokwenda kufanya kazi kwa mkataba katika mashamba ya miwa. Msomaji wa Kiswahili atalitambua jina la meli hiyo bila shida, kwa kuwa Razaki ni Mola mwenye kugawa riziki, ingawa riziki iliyowangoja abiria wale ilikuwa chungu. Wazao wao na wa waliowafuata ni zaidi ya theluthi moja ya wananchi, na ndiyo sababu Divali, sikukuu ya Kihindu ya taa, na Idi el Fitr zimo katika orodha moja na Krismasi na Pasaka. Siku ya Idi nyumba za Waislamu hupika sawine, ambayo kwa lugha yetu ni tambi za maziwa tu, na majirani wasio Waislamu hupelekewa sehemu yao. Hata Corpus Christi, sikukuu ya Kikatoliki, imepata maana ya ziada, kwa kuwa wakulima huamini kwamba kinachopandwa siku hiyo hustawi.

Yaliyoachwa nje hunishangaza vilevile. Jumatatu na Jumanne za Kanivali, tamasha la muziki na mavazi la kabla ya Kwaresima, zinazosimamisha nchi nzima, si sikukuu kisheria. Wenyeji wa asili, waliomtangulia Columbus, walipewa siku moja tu, tarehe 13 Oktoba 2017, na haikurudiwa. Hosay, maombolezo ya Muharram yaliyopata jina lake kutokana na Husein, mjukuu wa Mtume Muhammad, haimo kabisa, licha ya kwamba mwaka 1884 polisi wa kikoloni waliwafyatulia risasi na kuwaua washiriki wake karibu na San Fernando kwa kukaidi amri ya kutoingia mjini. Kila mwaka, wakati wa Hosay, mitaa ya St. James katika mji mkuu, Port of Spain, hujaa watu wa dini zote wakifuata taazia, yaani mifano ya kaburi la Husein, na ngoma za tasa usiku kucha, na asubuhi ofisi hufunguliwa kama kawaida.