Kona ya mbele kushoto

Hema la binti yetu limerudi kutoka safari ya shule likiwa limekunjwa bichi. Nilipolifungua gerejini jana jioni, harufu ilinifikia kabla sijalikunjua lote: turubai lenye ukungu. Mara nikakikumbuka kile kijumba chetu cha safari, cha kubebwa kwenye bodi ya pikapu, na ile Jumamosi ya Oktoba 2021 kilipoondoka hapa Tacoma, jimbo la Washington, mgongoni mwa pikapu ya mtu mwingine.

Kile cha 1994, cha paa la kupandisha lenye kuta za turubai, kilichotufikisha Kalaloch na Cape Flattery, kwenye pwani ya jimbo letu.

Mnunuzi alikuwa mzee seremala aliyestaafu. Hakuanza na bei. Aliingiza kichwa mlangoni, akavuta pumzi ndefu, akanyamaza. Mtu anayevijua vijumba hivi hukagua hivyo. Harufu ya vumbi si neno, lakini ukungu unakuambia kuna maji ukutani ambayo bado hayajakauka.

Na yalikuwepo. Wiki mbili kabla nilikuwa nimezunguka na kipima unyevu cha pini mbili. Kuta karibu zote zilisoma asilimia 11 au 12. Kona ya mbele kushoto, chini ya lile bawa linalopita juu ya kichwa cha pikapu, ilisoma 28. Ubao ukizidi 20 kwa muda mrefu, kuoza kumeshapata makao. Nilichomeka bisibisi, ikazama sentimita 3 kama kwenye kiazi kilichoiva.

Vijumba vya zamani vya namna hii vina mifupa ya mbao laini, nje bati jembamba la alumini, ndani plaiwudi ya milimita 3 hivi. Bati lenyewe ni nadra kuvuja. Maji hupitia matundu ya skrubu: kwenye taa ndogo za rangi ya chungwa zilizo juu ya paji, na kwenye ukanda wa alumini unaofunika kona. Chini ya ukanda huo kuna utepe wa gundi. Ukikauka hupasuka, skrubu hushika kutu, na maji huifuata skrubu mpaka ndani ya ubao. Kwetu kulikuwa na jambo baya zaidi: mtu aliyekimiliki kabla yetu alikuwa amepaka silikoni juu ya ukanda mzima. Tafadhali msifanye hivyo. Gundi nyingine haishiki vizuri juu ya mabaki ya silikoni, na silikoni ikibanduka upande mmoja tu inageuka mfuko wa kukusanyia maji. Sisi tukakipeleka na hali hiyo kwenye msitu wa Hoh, unaopata zaidi ya mita 3 za mvua kwa mwaka, kisha mara mbili tukafunga paa turubai likiwa bichi na tusilifungue tena kwa wiki nzima.

Taa nilizitengeneza sawasawa kabla ya kutangaza. Unafungua skrubu, unakwangua gundi ya zamani kwa kisu cha plastiki ili usiikwaruze alumini, unapangusa kwa spiriti hadi kitambaa kitoke cheupe. Halafu unazungusha utepe wa butili, gundi laini ya mpira, unarudisha taa, na unakaza skrubu kidogo kidogo mpaka butili ichomoze pande zote. Kesho yake unakaza tena, kwa sababu butili inaendelea kutandaa. Ndipo unapokata iliyozidi. Turubai lilikuwa na mpasuko wa sentimita 12 karibu na zipu ya dirisha. Niliweka kiraka kwa ndani, kwa gundi ya vinili. Friji niliiwasha kwa gesi usiku wa kuamkia siku ile, kijumba kikiwa kimesimama sawa kwa pimamaji, maana friji za aina hii zikiinama hazipoozi, na hata zikiwa nzima huhitaji saa nyingi.

Kona ndiyo iliyobaki. Shemeji yangu alikuja kuitazama. "Shemeji," aliniambia, "hapo bandika plaiwudi mpya, piga rangi, uza. Ni kitu kikuukuu, kila mtu anajua." Kazi hiyo ingenichukua saa tatu. Lakini kijumba huinuliwa kwa jeki za pembeni, moja kila kona, na kibano cha jeki ya mbele kushoto kimefungwa kwenye mbao hizohizo, kwa skrubu nne nene. Kijumba kitupu kina kilo 640. Kikiwa juu ya jeki nne, kila moja inabeba kilo 160, na mara nyingine zaidi. Skrubu zilizoshika ubao uliooza hazitoi onyo refu, na anayezungusha mpini wa jeki anasimama palepale.

Kwa hiyo picha ya kwanza kwenye tangazo ilikuwa ya bisibisi ikiwa imezama kwenye kona. Nikapunguza bei kutoka dola 2,800 hadi 1,900. Kwa ajili ya kukihamisha tu, nilipitisha boliti mbili ukuta mzima, na bamba la chuma upande wa ndani. Yote hayo nilimweleza mzee, na nikamwonyesha boliti. Alizigonga kwa kifundo cha kidole, akaitikia kwa kichwa.

Kabla ya kugusa jeki tulipima pikapu yake. Pikapu mpya zina kuta ndefu na vichwa virefu kuliko za miaka ya tisini, na bawa la kijumba cha zamani linaweza kulalia paa la gari. Zilipungua sentimita 4. Tuliweka sakafuni mwa bodi mbao ngumu za povu zenye unene wa sentimita 5, na juu yake plaiwudi. Kibandiko cha mlango wa dereva kiliruhusu mzigo wa kutosha hata ukijumlisha lita 75 za maji, mtungi wa gesi, betri, yeye na mkewe.

Tukalegeza minyororo minne iliyokifunga kijumba kwenye pikapu yangu. Nilichomoa waya wa taa mbele ya bodi, ule ambao wengi huusahau wakaung'oa. Tangi tupu, mtungi nje. Tukapandisha sentimita 5 kila kona kwa zamu, mbele kukiwa juu kidogo kuliko nyuma, na kila tulipopanda tukasogeza magogo chini ya sakafu. Niliitoa pikapu yangu. Kijumba kikabaki kimesimama kwa miguu minne myembamba, hewa tupu chini yake, na mvua nyepesi ikaanza.

Mimi ndiye niliyekuwa kushoto mbele. Nilizungusha nusu mzunguko nikasikia ubao ukilia, sauti ndogo, kavu. Kibano kilikuwa kimesogea. Niliona mstari mweupe wa alumini safi, upana wa milimita 4, mahali ambapo kilikuwa kimelala miaka yote ile. Mzee aliinua mkono. Tukasimama, wote wawili tukiutazama ule mstari, maji yakidondoka kutoka kwenye bawa. Hakuna aliyesema kitu. Nilihesabu hadi 60. Haukuongezeka. Akaja upande wangu, akanishika bega na kunisogeza nyuma, akakaza magogo kwa kabari, halafu akaingia kwenye pikapu yake na kurudi kinyumenyume, nafasi ya vidole viwili kila upande wa matao ya magurudumu.

Yaliyofuata yalikuwa ya haraka. Tulishusha, tukafunga minyororo, nikasaini hati ya umiliki. Washington inataka kijumba kiwe na hati yake mbali na ya pikapu. Alihesabu noti juu ya kaunta ileile tuliyozoea kukatia vitunguu. Nilimsihi asikishushe kwa jeki kabla ya kubadilisha mbao za kona. Akasema sawa.

Alisema sawa kama mtu anayejua kazi, na picha niliiweka mbele ya kila mtu. Hata hivyo ule mstari mweupe nauona bado. Labda kazi ya mbao ningeifanya kwanza mwenyewe, ndipo niuze. Labda nisingeuza kabisa, ningekivunja na kuuza friji na jeki pekee.

Namba yake bado ninayo. Jana, hema likiwa linakauka kwenye kamba, nilifungua simu nikaandika: "Ile kona ulishaitengeneza?" Sijautuma.