Nilivyomsoma Pauline Hopkins toleo kwa toleo

Nilikuwa natafuta kitu kingine kabisa. Nilitaka kujua Wamarekani weusi waliandika nini kuhusu Uhabeshi baada ya Menelik kuwachapa Waitalia pale Adwa mwaka 1896. Katika tanbihi ya kitabu kimoja cha historia nikakuta jina la Pauline Elizabeth Hopkins na maelezo mafupi mno: hadithi ya mfululizo, jarida la Boston, 1902, mji uliofichika Meroe.

Basi nikaacha ya Adwa. Mwanamke mweusi, miaka isiyofika arobaini tangu utumwa ukome Marekani, anatunga Of One Blood, hadithi ya Reuel Briggs, mwanafunzi wa udaktari aliyeficha asili yake ya Kiafrika. Anakwenda Afrika na msafara wa watafuta hazina, na huko chini ya magofu anaambiwa kwamba yeye ndiye mfalme aliyekuwa akisubiriwa. Iweje mtu kama huyo asitajwe popote nilikosoma?

Hata kwao alisahaulika. Alizaliwa Portland, Maine, mwaka 1859, akakulia Boston. Jarida la The Colored American Magazine lilipoanza mwaka 1900 akawa ndiye nguzo yake: anahariri, anaandika wasifu wa watu mashuhuri, na anatunga hadithi. Mwaka 1904 jarida likanunuliwa na watu wa karibu wa Booker T. Washington, kiongozi mashuhuri wa Wamarekani weusi wakati huo, likahamishiwa New York, naye akatoka. Miaka yake ya mwisho alikuwa karani wa hati mkato kwenye chuo cha MIT. Agosti 1930 bendeji alizojifunga, zikiwa zimelowa dawa ya kuchua, zilishika moto wa jiko la mafuta, akafa kwa majeraha. Ilipita miaka zaidi ya arobaini ndipo mkutubi wa Chuo Kikuu cha Fisk, Ann Allen Shockley, akaandika makala ya kumfufua, mwaka 1972. Mwaka 1988 Oxford University Press wakatoa riwaya zake tatu za jaridani katika kitabu kimoja.

Kitabu hicho kukiagiza hadi huku ni gharama, na majarida yenyewe yapo bure mtandaoni kwa kuwa haki zake zimeshakwisha muda. Nikaamua kuyafuata.

La kwanza nililojifunza: usimtafute kwa jina lake tu. Hagar's Daughter, iliyotoka kuanzia Machi 1901, imeandikwa kuwa ni ya Sarah A. Allen, jina la mama yake. Nadhani hakutaka msomaji aone jina moja limejaa jarida zima. Kwa hiyo nilitafuta kwa jina la jarida na mwaka, nikafungua ukurasa wa yaliyomo wa kila toleo na kuandika daftarini: mwezi, kichwa, jina lililotumika, ukurasa. Kisanduku cha kutafuta maneno hakikunisaidia sana, maana mashine husoma vibaya wino uliofifia. Macho yalifanya kazi nzuri zaidi. Juzuu zima ni faili zito, linakomba bando. Pakua toleo moja moja. Tena ukipata nakala yenye majalada na matangazo, chukua hiyo, maana maktaba nyingi zilipokuwa zikijalidi ziling'oa kurasa hizo.

Faida ya kusoma hivi niliiona kwenye toleo la Machi 1903. Of One Blood ilikuwa katikati ya mfululizo wake. Humo humo kuna barua ya msomaji Mzungu, Cornelia Condict, akilalamika kwamba hadithi za mfululizo ni za mapenzi kati ya weusi na weupe tu. Hivi hakuna mapenzi mazuri kati ya watu weusi wenyewe? Hopkins akamjibu papo hapo. Alisema anaifurahia barua hiyo kwa sababu inaonyesha jinsi Wazungu wasivyoelewa kinachowapendeza weusi. Kisha akamkumbusha kwamba sheria zinakataza ndoa hizo na bado machotara wanazidi kuzaliwa. Nani anawazaa? Nilisoma jibu lile mara kadhaa. Msomaji wa riwaya iliyojalidiwa peke yake hakutani nalo.

Jioni nilikuwa namsimulia mama sehemu niliyoisoma. Hadithi za mfululizo zilitungwa kwa mwendo huo, zinakukatia pale pale roho inapopanda. Nilipofika kwa Dianthe, mwimbaji aliyepoteza kumbukumbu, na Reuel anayemwoa bila kumwambia kwamba yeye Dianthe ni nani, mama akaguna.

"Hao ni ndugu, mwanangu."

"Mama, bado haijasemwa."

"Itasemwa."

Ilisemwa, miezi kadhaa mbele kwa hesabu ya jarida.

Sisemi kila kitu ni kizuri. Sadfa ni nyingi kupita kiasi, na wachunguzi wa siku hizi wamegundua kwamba vifungu vingi alivinyofoa kwenye maandishi ya wengine bila kuwataja. Hilo lilinikera, hasa kwa kuwa kurasa nilizozipenda zaidi sasa nazisoma kwa wasiwasi. Lakini mji wa Telassar anaoujenga chini ya Meroe haukutoka hewani: Meroe ipo kweli, kaskazini ya Khartoum, na jina analopewa Reuel, Ergamenes, ni la mfalme aliyewahi kutawala Kush, ufalme wa kale wa huko. Mwaka 1902 kumwambia Mmarekani mweusi kwamba wafalme hao ni wazee wake lilikuwa jambo zito, na ananishawishi zaidi anapotulia kwenye historia kuliko anapokimbilia mizimu.

Anayetaka kujaribu aanze na "Talma Gordon", toleo la Oktoba 1900. Ni hadithi fupi ya mauaji ndani ya nyumba ya tajiri, inaisha kwa kikao kimoja. Akiipenda, Of One Blood inaanza Novemba 1902 na kumalizika Novemba 1903.