Nilipoambiwa nisitulie

Simu ya dada ilikuwa fupi. Amelazwa, upasuaji ni keshokutwa, daktari anataka damu ya akiba iwepo, na ndugu wanaombwa wakachangie. "Wewe ndiye mwenye mwili," akasema, "tena sijawahi kukusikia ukiumwa hata mafua." Nikamjibu, "Nipo, usiwe na wasiwasi." Nikakata simu, kisha nikakaa chini sakafuni, palepale nilipokuwa nimesimama, kwa sababu masikio yalikuwa yameshaanza kuvuma.

Nina kilo 92. Maumivu siyaogopi, nimewahi kutembea siku mbili na kidole cha mguu kilichovunjika nikidhani kimeteguka. Lakini sindano ikikaribia mshipa, au mtu akianza kusimulia alivyojikata, naondoka duniani. Mara ya kwanza nilikuwa na miaka 12, kwenye foleni ya chanjo shuleni: nilianguka kabla hata zamu yangu haijafika, baada ya kuona pamba ya aliyenitangulia. Nilipozinduka nikakuta duara la nyuso zinacheka. Mara nyingine nilikuwa mtu mzima kabisa, kazini, mwenzangu anaeleza jinsi kisu kilivyomteleza, na mimi nikateleza kutoka kwenye kiti taratibu kama nguo inayodondoka kambani. Nilisema ni njaa. Nimewahi kusema pia ni joto, ni usingizi, ni viatu. Kwa miaka zaidi ya ishirini sikumwambia mtu yeyote neno lenyewe: naogopa.

Basi asubuhi ile nikajikuta kwenye benchi la chumba cha kuchangia damu, wa tano kwenye foleni. Nilikuwa nimejiwekea mkakati wa kijinga wa kusoma tangazo lililobandikwa ukutani, neno kwa neno, mpaka niitwe. Bahati mbaya tangazo lilikuwa na picha ya mkono na mpira.

"Mwanangu," akasema mama mmoja wa makamo aliyekaa kulia kwangu, "hilo goti lako linatutikisia benchi zima."

Nikataka kusema ni baridi. Mdomo ukanisaliti. "Naogopa sindano, mama."

Hakuna aliyecheka. Niliposubiri kicheko kisije, nikainua macho, nikaona jamaa wa upande wa pili, fundi ujenzi kwa jinsi saruji ilivyomng'ang'ania kwenye kucha, ananitazama kama mtu aliyeokota kitu chake kilichopotea.

"Mimi ni nondo," akasema.

Tukamtazama wote. Fundi ujenzi anaogopa nondo? Akafafanua haraka kwamba si zile za chuma, zile anazibeba begani mchana kutwa. Nondo mdudu, yule anayezunguka taa usiku. Anapanda ghorofa za juu kwenye mbao zinazonesanesa bila hata kufikiri, lakini siku moja nondo alimtua shingoni akiwa kwenye ngazi, akashuka kwa kuruka, na ndoo ya saruji ikamfuata kichwani. "Wenzangu wanadhani nilikanyaga vibaya," akasema. "Wewe ni wa kwanza kujua. Nyie wote ni wa kwanza."

Baada ya hapo ilikuwa kama mtu amefungua bomba. Binti mmoja mwanafunzi akasema sindano achomwe hata kumi, ila asisimamishwe mbele za watu aongee. Siku ya kuwasilisha kazi yake darasani alijifungia chooni hadi kipindi kikaisha, akapewa sifuri, na sifuri ile akaiona nafuu. Hofu yake, kwa kweli, ndiyo ya kawaida kuliko zetu zote pale, ila yeye alikuwa akiisimulia kwa kunong'ona, kama ugonjwa wa aibu alioupata peke yake.

Yule mama alikaa kimya muda mrefu, nikadhani hataki kuchangia mazungumzo. Kisha akasema yeye anaogopa simu inayolia usiku wa manane. "Ikilia saa nane za usiku siipokei papo hapo. Naiacha ilie, kwanza nawahesabu wanangu kichwani. Huyu yuko wapi, huyu alisema anasafiri lini, huyu alikuwa anakohoa. Nikishawahesabu wote wanne, ndipo naipokea." Hakusema iliwahi kumletea habari gani. Hatukumuuliza.

Kulikuwa na kijana mwisho wa benchi, amejaza kifua, ambaye alitangaza kwamba yeye haogopi kitu. Mama akamtazama bila ubaya wowote. "Bado hujapewa mtu wa kumpoteza," akamwambia. Kijana akatabasamu kidogo, halafu tabasamu likakosa pa kukaa.

Nikaitwa.

Muuguzi alikuwa mwanamke wa umri wa mama zangu wadogo, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Akanipima uzito, akanipima presha, akanichoma kidole kupata tone la kuangalia wingi wa damu. Nilitazama dari. Nilijua nikinyamaza nitaanguka, na nikianguka dada atasikia. Nikasema, "Sista, mimi huwa nazimia."

Nilishajiandaa kwa lile neno ambalo kila mtu mwenye koti jeupe amewahi kuniambia. Tulia. Legeza mkono. Vuta pumzi, tulia tu. Nimeambiwa tulia na watu wapole na watu wakali, na kila nilipotulia nilianguka.

Yeye akaweka kalamu mezani. "Unapokaribia kuzimia, moyo unakwenda mbio, au unahisi kama unazama?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikafikiri. "Vyote. Unaanza mbio, halafu unazama."

"Basi wewe usitulie," akasema. "Ukitulia ndiyo unamalizika. Wewe kaza."

Akanieleza huku akinimiminia maji. Mtu anayeogopa nyoka au giza au kimo, moyo humwenda mbio na presha hupanda, na hubaki juu mpaka hatari ipite. Ndiyo maana watu hao ni nadra kuzimia kwa woga. Hofu ya damu na sindano ina tabia ya peke yake. Presha hupanda kidogo, kisha hugeuka ghafla na kuporomoka, moyo hupunguza mwendo, damu inashindwa kufika vya kutosha kwenye ubongo, na mtu anadondoka. Akishalala chini, damu inarudi kichwani bila kupanda mlima, naye anazinduka mwenyewe. Kwa hiyo ushauri unaomsaidia mwoga wa kawaida, wa kulegeza mwili ili presha ishuke, kwangu mimi ulikuwa ni kunisukuma shimoni. Mimi nilihitaji presha ipande.

Baadaye nilitafuta habari za jambo lile, nikakuta kwamba mbinu aliyonifundisha iliandikwa mwaka 1987 na mwanasaikolojia wa Uswidi, Lars-Göran Öst, pamoja na mwenzake. Mwaka huo mimi nilikuwa bado sijazaliwa. Yaani dawa ya aibu yangu ilinitangulia duniani, ikawa inanisubiri, na mimi nikawa nasema ni viatu. Nikasoma pia kwamba wapo wanaodhani kuporomoka huku kwa presha ni kinga ya zamani sana: mwili unaotarajia jeraha hupunguza msukumo ili damu isimwagike nyingi. Huenda. Dhana hiyo inanifariji, ingawa sioni ilivyonisaidia kwenye foleni ya chanjo.

Mbinu yenyewe haina utaalamu wa kutisha. Unakaza mikono, tumbo na mapaja kwa pamoja, kama mtu anayesukuma gari lililokwama, unashikilia sekunde kumi hadi kumi na tano, mpaka uhisi joto linapanda usoni. Kisha unaachia, ila huachii mpaka ulegee kabisa. Unarudi tu kwenye hali ya kawaida, nusu dakika hivi. Halafu tena. Tulifanya mara tano nikiwa kwenye kiti, yeye akihesabu. Akaninywesha karibu nusu lita ya maji, maana nayo husaidia presha isishuke. Mkono wa sindano, akasema, uache. Kaza kwingine kote.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini ujasiri wangu wote ulikuwa bure. Nilikuwa nimetumia miaka nikijiapiza kwamba safari hii sitaanguka. Mwanasayansi Charles Darwin aliwahi kusogeza uso wake karibu na kioo kinene kwenye bustani ya wanyama ya London, nyuma ya kioo kuna kifutu, akiwa ameazimia kwa dhati kwamba nyoka akirusha kichwa hatasogea. Nyoka akarusha kichwa. Darwin akajikuta yadi moja au mbili nyuma. Alijua kioo kipo, alijua hawezi kuumwa, na maarifa yake yote hayakuzuia miguu. Kama azimio lilimshinda yule, mimi nilikuwa najitesa kwa lipi?

"Ukihisi chochote, sema, nachomoa papo hapo," muuguzi akasema. Akafunga mkanda juu ya kiwiko. Nikageuza uso upande wa dirisha. Niliusikia uchomaji, sindano ya kuchangia damu si nyembamba, na anayekwambia ni kama kuumwa na mbu hajawahi kuumwa na mbu. Lakini kama nilivyosema, maumivu hayajawahi kuwa tatizo langu.

Kisha ikaja ile sauti. Wanaozimia wanaijua: masikio yanaanza kuvuma, watu wanasogea mbali bila kutembea, jasho la baridi linatoka juu ya mdomo, na dirisha linaanza kuingia rangi ya kijivu kutoka pembeni. Mwili wote ulikuwa unaniomba nilegee. Haujawahi kuniomba kitu kwa upole kama ule.

"Kaza!"

Nikakaza. Nilikaza mapaja mpaka kiti kikalia. Nikakunja ngumi ya mkono mwingine, nikabana tumbo, nikasaga meno ingawa hakuna aliyeniambia nisage meno. Moja, mbili, tatu. Nilipofika tisa, dirisha likarudi. Sikuamini. Lilirudi na rangi zake, na mti nje yake, na ndege mmoja kwenye mti. Nikaachia, nikasubiri, kijivu kikajaribu tena, nikakaza tena. Ilichukua dakika nane kujaza mililita 450, na kwa dakika nane hizo nilifanya kazi kuliko siku yoyote ya kubeba mizigo. Jasho lilinitoka, ila lilikuwa jasho la moto.

"Unataka kuiona?" muuguzi akaniuliza akiinua mfuko.

"Hapana, sista." Nilikuwa nimeshinda, sikuona sababu ya kutafuta mechi ya marudiano.

Akaniweka kwenye kiti kingine nipumzike robo saa. Fundi alipita akielekea kwenye kitanda chake, akanipa dole gumba. Nikaangalia taa ya juu yake, nikamwambia hakuna mdudu. Akacheka peke yake. Mama wa simu alikuwa ameshamaliza, mkono ameukunja, simu ameishika kwenye kiganja kile kingine.

Nilipotoka nje nikamkuta baba amekaa chini ya mti, karibu na geti. Alikuwa amekuja na mama kumwona dada, na kama kawaida yake hakuwa ameingia ndani. Baba hajawahi kuingia hospitali kwa ajili yetu. Nilipokatwa na kioo gotini nikiwa na miaka 9, mama alinifunga kitambaa, baba akatoka nje na hakurudi hadi jioni. Dada alipojifungua, alisubiri getini. Tulishaacha kumuuliza. Dada alikuwa amekwishatoa hukumu yake zamani, kwamba baba ana moyo mgumu, nami sikuwahi kumkatalia.

Nikakaa kando yake. Akatazama plasta kwenye mkono wangu mara moja tu, kisha macho yakakimbilia barabarani.

"Ulianguka?" akauliza.

Watu wote wangeuliza, imeuma? Nikamgeukia. Alikuwa anatazama barabara ileile, lakini juu ya mdomo wake kulikuwa na jasho, na kivuli cha mti kilikuwa baridi kabisa.

"Hapana, baba," nikasema. "Safari hii hapana."

Akanyamaza. "Una maana gani?" akauliza baadaye. "Hiyo safari hii. Kuna nyingine?"

Nikamwambia foleni ya chanjo. Nikamwambia kazini. Alitikisa kichwa taratibu kila niliposema jambo, kama mtu anayesomewa barua aliyoiandika mwenyewe. Yeye, akasema, alikuwa na miaka kama kumi, na waliomcheka walikuwa kaka zake. Hakuongeza.

Nikamwonyesha. Kunja ngumi, baba. Bana tumbo. Mapaja pia.

"Mapaja pia?"

"Mapaja ndiyo yenyewe."

Tukakaa pale chini ya mti, watu wazima wawili tumevimba shingo, nikihesabu hadi kumi na tano, wapita njia wakitupisha kwa mbali. Mara ya tano uso wake ulikuwa umeiva. Akajifuta kwa leso, akasimama, akaangalia mlango wa wodi kama mtu anayekadiria upana wa mtaro.

"Nikianguka," akasema, "usimwambie dada yako."

Akaanza kutembea, ngumi amezikunja.